Mtu Mzima wa Pili

Bondeni, Nakuru
3 Machi 1957

Ndugu yangu mkubwa Kipketer,

Pokea salamu zetu kutoka huku mjini, wewe na mama watoto na watoto wote, na umfikishie Mama za kwake peke yake. Sisi tunapumua. Cheptanui amepanda darasa na siku hizi ananisahihisha nikisoma Biblia kwa sauti. Mdogo wake alishikwa na kikohozi cha vumbi, sasa kimemwacha. Mvua bado. Upepo ukitoka upande wa ziwa tunalamba magadi kwenye midomo.

Mimi bado nashona magunia kwenye ghala la mahindi. Mikono imeota sugu, lakini kazi ni kazi.

Sasa sikia neno langu. Unajua kwamba tangu baba Cheptanui alipofariki na mwajiri wake akatutoa kwenye nyumba ya kazi, tunakaa chumba kimoja na Anyango na wanawe. Anyango ni mjane kama mimi, tunashona magunia pamoja, na katikati ya chumba tumetundika gunia kuwa ukuta. Mwenye nyumba hupandisha kodi akiamka vibaya. Wiki iliyopita jirani alichelewa kulipa. Mwenye nyumba hakugombana naye. Aling'oa mlango, akauweka kichwani, akaenda nao, na yule mama akalala na watoto huku upepo na vumbi vikiingia.

Kanisani kwetu Mchungaji Micah ameanzisha chama cha kujenga. Baraza la mji limetoa viwanja upande wa Menengai kwa familia zisizo na pahali. Si vyumba vya kupanga, Kipketer. Ni nyumba zetu. Hakuna kontrakta. Tunachimba msingi wenyewe, tunabeba mawe wenyewe kutoka timbo, na Jumamosi watu wa kanisa wanakuja kutusaidia bila malipo: seremala, walimu, hata vijana wawili wa Kizungu waliotoka ng'ambo. Kila familia inajenga nyumba za wote mpaka ya mwisho iezekwe. Baadaye tunalipia bati na saruji tu, pole pole, bila riba. Ukimaliza, nyumba ni yako, na ukifa ni ya watoto wako. Hakuna wa kukuambia toka.

Lakini sharti ni hili: kila nyumba itoe watu wazima wawili. Mimi ni mmoja. Cheptanui ni mtoto. Nimempa Mchungaji jina lako. Naomba Jumamosi zako mpaka mwisho wa mwaka. Lori la maziwa la Kosgei linateremka Nakuru kila asubuhi, na Kosgei hawezi kukunyima nafasi.

Jibu upesi. Wakianza kujenga na sina mtu wa pili, kiwanja kitapewa mwingine.

Ni mimi dada yako,
Jerop


Kabazi
14 Aprili 1957

Jerop dada yangu,

Barua yako niliipata, nimekawia kwa sababu ya kupanda. Tumshukuru Mungu, mvua imeshuka na nyumba yangu yote ni nzima. Mama analalamika magoti asubuhi, jua likipanda anasahau. Ng'ombe wake mwekundu amezaa ndama dume mwenye paji jeupe, na Mama anamwonyesha kila anayepita njiani. Tangu Baba afariki, ng'ombe huyo ndiye mtu wake wa kuzungumza naye.

Kuhusu mambo yako ya kujenga, jibu ni hapana.

Kwanza, ulitoa jina langu kabla ya kuniuliza. Mimi ni nyapara wa shamba zima. Jumamosi ndiyo siku ya posho na mishahara, na Mzungu wetu Bwana Makelele akinikosa siku hiyo, Jumatatu atakuwa na nyapara mwingine. Wewe unafikiri kazi hii niliiokota?

Pili, umemsahau Baba? Chifu alimtoa nyumbani kwenda kuchimba barabara ya mlimani. Bure. Aliambiwa ni kwa faida yake mwenyewe. Jiwe likamponda mguu, na mpaka tunamzika mwaka jana alikuwa akiuburuta. Barabara hiyo inampitisha nani leo? Inapitisha gari la Bwana Makelele. Baba hata baiskeli hakuwa nayo. Nami niliapa juu ya ule mguu kwamba sitainua hata jembe bila kulipwa. Leo dada yangu wa tumbo moja ananiletea kazi ile ile ya bure, ila imepakwa jina la Mungu.

Na hao Wazungu wanaobeba mawe! Umewahi kuona jambo kama hilo tangu uzaliwe? Nyumba zikiisha mtaona nani anaingia na nani anabaki nje na sugu zake. Achana nao, utafute chumba kizuri zaidi.

Huku shambani nako kuna maneno, lakini si ya kuandika.

Mimi ndugu yako,
Kipketer


Bondeni, Nakuru
28 Aprili 1957

Kipketer ndugu yangu,

Nakusalimu. Wote wazima. Msalimu Mama na umwambie ndama nimemsikia.

Nilisoma barua yako mara moja nikaiweka, maana ningejibu siku ile ningetumia maneno ambayo mtu hawezi kuyarudisha. Sasa nimepoa kidogo tu.

Usinifundishe habari za mguu wa Baba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiukanda kwa mafuta ya kondoo, wewe ukiwa shule ya misheni ukijifunza kuandika barua kama hii. Baba alichukuliwa. Askari alisimama mlangoni na rungu. Mimi nimekwenda kwa miguu yangu. Na barabara haikuwa yake, lakini nyumba hii itakuwa yangu. Kama huoni tofauti, basi unyapara umekuziba macho.

Unauliza kama nimewahi kuona Mzungu akibeba jiwe. Sasa nimemwona. Mmoja wao mikono ilifura malengelenge siku ya kwanza, akaharibu saruji ya asubuhi nzima kwa kuizidisha maji, na Anyango akamkaripia mbele ya watu. Akasema pole, akaenda kuchota mchanga mwingine. Sijui anataka nini. Labda anataka kwenda mbinguni. Mimi nataka ukuta.

Siombi unipe chakula. Siombi unipe shilingi. Naomba mgongo wako Jumamosi, nawe unaniambia habari za posho. Familia nyingine zimeleta wajomba kutoka Solai na Rongai. Nabalayo, ambaye kiwanja chake kinapakana na changu, amemleta mkwewe kutoka mbali kule Bungoma, watu ambao hata salamu walikuwa hawapeani. Mimi nina ndugu aliye umbali wa lori la maziwa.

Msingi wa kwanza umechimbwa. Mchungaji Micah amenivumilia mpaka Agosti. Mtu wa pili asipopatikana, basi.

Na jambo jingine. Kila barua yako tangu nifiwe ilikuwa ikisema rudi nyumbani, Mama ana nafasi. Safari hii hukusema. Kuna nini huko Kabazi?

Jerop


Kabazi
20 Julai 1957

Dada Jerop,

Salamu. Sisi hatujambo. Kazi imetuzidi, ndiyo maana umeona kimya.

Mama anataka kuwaona wajukuu. Atakuja na lori la Kosgei wiki hii. Ana vitu vyake kidogo. Akae nawe kwa muda. Mpe uji wa wimbi, wa mahindi unamsumbua tumbo.

Sina zaidi.

Kipketer


Bondeni, Nakuru
11 Agosti 1957

Kipketer,

Mama amefika. Ni mzima wa mwili.

Uliandika kwamba ana vitu vyake kidogo. Mtu anayekuja kuona wajukuu haji na kitanda. Haji na jiwe la kusagia, na koti la marehemu mumewe, na vibuyu vya maziwa vitupu. Kosgei alivishusha vyote barabarani, hakunitazama usoni, akasema anachelewa, akaondoka. Nikamuuliza Mama, "Kumetokea nini?" Akasema, "Paa lilikuwa limezeeka." Nikamuuliza nyumba anamwachia nani. Akaanza kumsuka Cheptanui nywele. Nikamuuliza ng'ombe mwekundu yuko wapi. Akageukia ukuta.

Basi nakuuliza wewe. Paa kuzeeka ni kazi ya majani na kamba, na wewe una watu wengi chini yako. Kwa nini mama yetu amelala kwenye sakafu ya chumba cha kupanga, upande wangu wa gunia, na watoto wangu miguuni pake?

Nikuambie habari nyingine, ingawa hukuiuliza. Jumamosi Mama alisema hataki kubaki peke yake na watoto wa Anyango, kwa hiyo tulikwenda naye kiwanjani. Ilikuwa siku ambayo Mchungaji Micah angesoma majina ya waliokosa mtu wa pili. Aliposoma langu, Mama akaniuliza amesema nini. Nikamweleza. Akainuka na fimbo yake.

"Mwulize, mtu wa pili lazima awe mwanamume?"

Mchungaji akasema, "Hapana, mama. Awe mtu mzima tu."

"Mimi je? Naonekana mtoto?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba kazi ni nzito, kuna mawe na mchanga. Mama akamjibu kwamba nyumba tatu alizokaa maishani mwake alizisiriba kwa viganja vyake, ndani na nje, akiwa na mimba na bila mimba, na zote zilikuwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. "Safari hii mnasema ni yetu. Basi nipeni udongo." Kisha akaketi chini palepale kiwanjani na kukataa kuinuka mpaka jina lake liandikwe.

Limeandikwa. Kwa hiyo sihitaji Jumamosi zako tena. Nahitaji jibu tu.

Jerop


Bondeni, Nakuru
15 Septemba 1957

Kipketer,

Hukujibu, na sasa najua sababu. Leo salamu sina.

Jana nilimngoja Kosgei mahali anaposhushia makopo ya maziwa. Niliushika mlango wa lori nikamwambia hataondoka mpaka aseme. Akasema, "Dada, mimi nilidhani unajua." Nikamwambia, "Najua nini?" Akazima injini, akavua kofia. Mtu havui kofia kwa habari njema.

Amesema Bwana Makelele aliamuru kila asiye na mkataba wa kazi aondoke shambani: wazee, wajane, wote. Mume akifa mkataba umekufa naye. Miaka yote aliyofanya Baba, toka pale pakiwa msitu mtupu, haikuhesabiwa hata kwa jioni moja. Hayo ni ya Mzungu, na kutoka kwake sikutarajia jingine. Lakini Kosgei akaendelea. Amesema kazi ya kubomoa nyumba alipewa nyapara. Amesema nyapara alichagua kuanza na nyumba ya mama yake mwenyewe, ili watu wengine wasiseme kuna upendeleo. Amesema Bwana Makelele alikuwa ndani ya gari, kioo kimeteremshwa, anavuta sigara. Nawe ukapanda juu ya paa. Wewe mwenyewe. Hukutuma mtu.

Na Mama alikuwa wapi? Amesema alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ghala, amemshika ng'ombe wake kamba, akitazama.

Na ng'ombe? Amesema yuko kwenye boma lako. Nyapara anaruhusiwa ng'ombe.

Nimeshona magunia siku nzima na sindano imeniingia kidoleni sijui mara ngapi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama, "Najua aliyebomoa." Alikuwa anakoroga uji. Akasema bila kugeuka, "Ni mwanangu. Usimwandikie matusi." Ndiyo maana barua hii haina matusi. Yako mdomoni mwangu yote, nimeyabana kwa meno kwa sababu ya neno lake. Lakini hakunikataza kukuuliza.

Uliniambia uliapa juu ya mguu wa Baba kwamba hutainua jembe bila kulipwa. Kweli umetimiza. Hii ulilipwa.

Jerop


Kabazi
27 Oktoba 1957

Jerop,

Nimesoma. Sasa na wewe usome.

Wewe ulikuwa wapi? Uliolewa ukaenda mjini, ukala mkate wa duka, ukawa unaleta leso Krismasi. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi nilimlipia Baba daktari. Mimi niliwapigia magoti mbwa hawa nikawa nyapara ili jina la nyumba yetu lisiwe la kwanza kila wanapotafuta mtu wa kupiga. Wewe unashona magunia na kuimba nyimbo, halafu unanihukumu.

Unajua Bwana Makelele alisemaje? Alisema, "Ama wewe, ama askari." Ningekataa, askari wangekuja na moto. Nyumba za majirani waliokataa kutoka zilichomwa na mahindi ndani. Mke wangu alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Ningekuwa barabarani na watoto sita, na Mama angekuwa barabarani vile vile. Nani angepona? Niambie hesabu yako.

Mimi vitu vyake nilivitoa kwa mikono yangu, kimoja kimoja. Vyungu nilivipanga kwenye nyasi. Hakuna kilichovunjika. Nguzo ya kati niliishusha pole pole. Wengine walitupiwa vyao nje kama takataka. Kosgei alikuambia hayo? Hakukuambia, kwa sababu yeye alikuwa kwenye lori amefunga vioo.

Ng'ombe angepelekwa wapi? Kwenye gunia lako na Anyango? Yuko hai kwa sababu yuko kwangu.

Usiniandikie tena.

Kipketer


Menengai, Nakuru
22 Desemba 1957

Kipketer,

Ulisema nisikuandikie. Naandika. Angalia juu pale, mahali pa anwani. Hiyo ni anwani yangu, na hakuna mtu anayeweza kunichagulia nyingine.

Nyumba imekwisha. Ina vyumba viwili na jiko la nyuma, kuta za mawe, bati juu. Haina rangi, na dirisha la upande wa mlima halifungiki vizuri kwa sababu lilitiwa na mwalimu wa shule, si seremala. Mama anasema linatosha kwa kutoa moshi.

Nataka ujue namna ilivyojengwa, kwa kuwa uliiita kazi ya bure. Mawe ya ukuta wa mbele yalibebwa na Anyango, siku ambayo mwanawe alikuwa na homa, akawa anakimbia kwenda kumtazama na kurudi. Mbao za paa alizipiga mkwe wa Nabalayo. Yeye na Nabalayo sasa wanasalimiana, ingawa si sana. Yule kijana wa Kizungu wa malengelenge alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono. Alikuja Jumamosi iliyofuata na mkono umefungwa shingoni, akakaa akinyoosha misumari iliyopinda. Hata mmoja wao hakuniuliza mimi ni kabila gani. Hata mmoja hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Waliniuliza ndoo iko wapi.

Na ndani nzima alisiriba Mama. Magoti yakimshika alikuwa anasiriba ameketi, anajivuta ukutani kidogo kidogo kutoka mlango mpaka mlango. Mchungaji alimwambia apumzike. Akasema, "Nitapumzika ndani." Nilimtazama mgongo, Kipketer, ule mgongo uliokubeba, na nikakuchukia waziwazi, kanisani nimelisema hilo na sijalitubu.

Nimemsomea Mama barua yako kwa sababu aliomba. Nilipofika pale pa vyungu alisema, "Kweli, havikuvunjika." Basi. Nami nikawaza: kumbe unajua kuhurumia chungu. Unataka hesabu yangu? Hesabu yangu ni kwamba Aprili au Mei ungeweza kuniandikia mistari mitatu: Jerop, Mama anatolewa, fanya mbio. Ulijua. Ndiyo yale maneno ambayo si ya kuandika. Ningekuja na mkokoteni kwa miguu mpaka Kabazi. Angetoka kwa heshima, mchana, na mlango wake ukiwa bado umesimama nyuma yake. Askari asingekuwa na kazi, na wewe usingepanda paa. Uliona aibu ya kuandika, hukuona aibu ya kubomoa.

Mvua ya kwanza ilitukuta tunahamisha vitu. Mama alikuwa hajawahi kukaa chini ya bati. Kelele ilipoanza alisimama katikati ya chumba ametazama juu, amefunika kichwa kwa mikono. Akaniuliza, "Wanatupiga mawe?" Nikamwambia ni mvua tu. Akangoja muda mrefu ndipo akashusha mikono.

Krismasi njema kwa watoto wako. Kwao sina neno.

Jerop


Misheni, Subukia
18 Mei 1958

Dada yangu Jerop,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na watoto, na Mama. Najua ni miezi. Natumaini nyumba inakaa vizuri na mvua hii ya mwaka huu isiyo na kiasi.

Bwana Makelele ameuza shamba na kurudi kwao. Hakutuaga. Mwenye shamba mpya alikuja na nyapara wake kutoka Njoro, mtu mmoja mnene asiyejua mpaka wa shamba uko wapi, nami nikaonyeshwa njia. Miaka yote ile, Jerop! Nimelijua shamba lile kama kiganja changu. Wanaume walionifuata asubuhi na jembe begani walinipita kama hawanijui. Nyumba yangu ilibomolewa na vijana ambao niliwaandika kazi mimi mwenyewe. Walifanya haraka haraka. Sahani za mke wangu zilivunjika zote. Ng'ombe wamechukuliwa, wakasema ng'ombe wa nyapara ni wa unyapara.

Sasa tuko hapa misheni, wametupa upande wa stoo, lakini mwisho wa mwezi stoo inajazwa mahindi. Mtoto mdogo ana kifua. Nimetembea Kabazi yote na Solai kutafuta kazi. Kila mahali wanataka vijana.

Nimesikia kwamba chama chenu kinajenga nyumba nyingine. Na nimesikia yako ina vyumba viwili. Sisi tunaweza kukaa kimoja, hata jikoni. Watoto wangu ni wanyamavu. Nitakuwa nje mchana kutwa nikitafuta kazi, hutaniona.

Mimi ni kifungua mimba wa mama yako. Nategemea jibu.

Ndugu yako,
Kipketer


Menengai, Nakuru
1 Juni 1958

Ndugu yangu Kipketer,

Nakusalimu, wewe, mama watoto na watoto wote. Tumesikitika kwa kifua cha mtoto. Nakutumia kwa mkono wa Kosgei dawa niliyopata hospitali na blanketi moja. Huku wote wazima, isipokuwa magoti ya Mama ambayo yanaijua mvua kabla yetu.

Cheptanui alimsomea barua yako. Alipomaliza, Mama akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Mama akauliza, "Amesema nini juu ya nyumba yangu?" Mtoto akageuza karatasi, akatazama nyuma, akamwambia bibi yake, "Kogo, hapa hakuna." Mama akaendelea kupepeta wimbi.

Umeandika karatasi mbili. Umeandika sahani. Umeandika ng'ombe, tena ukawaita wa nyapara, kana kwamba hatujui yule mwekundu alikuwa wa nani. Umeandika jinsi vijana walivyofanya haraka. Neno moja tu hukuliandika, na mimi sitakuandikia wewe, kwa sababu likitoka kwangu halina maana.

Bado nina hasira nawe. Usifikiri blanketi ni kitu kingine. Nikiona mtu amepanda juu ya paa, hata fundi wa watu, nageuza njia. Anyango ananiambia niache, ananiambia umeshaonja. Mimi sikutaka uonje. Nilitaka usifanye.

Sasa sikiliza. Chama kimepata viwanja vingine nyuma ya vyetu. Nimezungumza na Mchungaji Micah. Sharti ni lile lile, watu wazima wawili, nawe una mke mwenye nguvu. Lakini kiwanja hakitolewi kwa maneno. Mtu anaanza kwa kujenga nyumba za wenzake, na ya kwake inafika zamu yake. Jumamosi hii tunainua kuta za nyumba ya Nabalayo, ya mwisho katika kundi letu. Kazi inaanza asubuhi. Hakuna atakayekulipa. Hakuna nyapara. Anyango ndiye anayegawa kazi, na hapendi watu wenye maneno mengi. Wapo katika kundi jipya watu wa Kabazi wawili, wajane, ambao nyumba zao pia unazijua. Utabeba mawe yao. Watakutazama, nawe utabeba.

Watoto na mama yao waje sasa, wasingoje mwisho wa mwezi. Mtoto mwenye kifua hawezi kulala stoo. Watalala chumba cha watoto wangu, na hilo halina mjadala. Mkwe wa Nabalayo ana nafasi ya mwanamume mmoja kwenye kibanda cha vifaa. Hiyo ndiyo yako.

Kuhusu kuingia ndani ya nyumba hii, nilimwambia Mama kwamba mimi ningekataa. Akaniambia, "Hukuulizwa." Nyumba imeandikwa majina mawili, la kwake liko juu. Mlango una kufuli, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso. Ukumbuke huko shambani aliishi miaka arobaini bila mlango wa kujifungia. Bwana Makelele alikuwa akiingia na viatu vyake, anafunua vyungu kutazama kama kuna maziwa aliyoibiwa, na Mama anasimama nje mpaka amalize.

Nilimuuliza nikujibu nini. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie akishamaliza kubeba mawe ya watu aje agonge. Akigonga nitauliza ni nani, na atasema. Kufungua au kutofungua, hiyo itakuwa kazi yangu."

Dada yako,
Jerop